Waliowinda Makosa ya Ulimi

Katika miaka ya 1890, mjini Vienna, kulikuwa na wanachuoni waliokuwa wakila chakula cha mchana pamoja, na meza yao ilikuwa na sheria zake. Anazungumza mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akijikwaa ulimi, mazungumzo yanasimama hapo hapo, hata kama yuko katikati ya hoja nzito, na hayaendelei mpaka kosa lake liandikwe kama lilivyotoka. Mwandishi wa makosa hayo alikuwa mmoja wao, Rudolf Meringer, mtaalamu wa lugha za familia ya Kihindi-Kiulaya. Hakuridhika na kosa peke yake. Alitaka kujua msemaji ni nani, amezaliwa lini, amesoma kiasi gani, ilikuwa saa ngapi, na kama alikuwa amechoka. Ziko simulizi kwamba kazi hiyo ilimfanya awe mtu wa kukwepwa chuoni, na si vigumu kuziamini. Nani anapenda kukaa karibu na mtu anayemsubiri ateleze?

Mwaka 1895 Meringer, akishirikiana na daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Carl Mayer, alichapisha kitabu kizima kuhusu makosa ya kusema na kusoma. Mwaka 1908 alikifuatishia kingine, na kwa jumla makosa aliyoyakusanya yalipita 8,000. Kilichomsukuma kilikuwa swali la wanaisimu wa zama zake: kwa nini sauti za lugha hubadilika karne hadi karne? Huenda, walidhani, mabadiliko makubwa huanza kama kuteleza kudogo kwa ulimi wa mtu mmoja. Jibu la swali hilo hakulipata. Alichokipata kilikuwa na thamani zaidi, nacho ni kwamba ulimi hautelezi ovyo.

Mtu mmoja alitaka kuitaja sanamu maarufu ya Venus wa Milo, akasema “Milo wa Venus”. Majina mawili yamebadilishana nafasi, lakini kila jina limeingia mahali pa jina mwenzake, na kiunganishi kimebaki pale pale. Sauti nazo zilifuata utaratibu. Konsonanti inayoanzisha silabi ilibadilishana na konsonanti inayoanzisha silabi nyingine, na ya mwisho na ya mwisho. Meringer aliona kwamba kama makosa yana mpangilio, basi usemi wenyewe unapangwa kichwani kabla haujatoka mdomoni, na kosa ni dirisha la kuchungulia mpango huo.

Dirisha hilo hilo Sigmund Freud, aliyeishi mji huo huo, aliona ndani yake kitu kingine kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 kuhusu makosa ya maisha ya kila siku, alichukua mifano mingi ya Meringer na kuipa maana mpya. Rais wa bunge la Austria alisimama kufungua kikao akatangaza kwamba kikao kimefungwa. Freud akasema moyoni alitamani kweli kimalizike. Mtu mwingine, karamuni, aliwaomba wenzake wagonganishe glasi kwa afya ya mkuu wao, badala yake akawaalika wapige mbweu. Kwa Freud, dharau iliyofichwa ilikuwa imepenya. Meringer alitazama sentensi yenyewe: katika Kijerumani kitenzi cha kugonganisha glasi na kile cha kupiga mbweu vinatofautiana kwa kiambishi cha mwanzo tu, na kiambishi kilichojitokeza kimakosa kilikuwa kimeshatamkwa mara mbili katika sentensi hiyo hiyo. Kilijirudia kwa sababu kilikuwa bado moto mdomoni. Freud ndiye aliyepata umaarufu, na hadi leo watu huliita kosa la ulimi kwa jina lake. Mimi namwona Meringer kuwa ndiye aliyeshika njia sahihi, kwa sababu maelezo yake yangeweza kupimwa na mtu mwingine, na yakapatikana kuwa kweli au uongo.

Kabla ya Meringer walikuwapo waliolikabili fumbo hili kwa njia nyingine. Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa mwenye umri wa miaka 51 aliyeitwa Leborgne. Alikuwa ameishi hospitalini humo miaka 21, alielewa mengi aliyoambiwa, lakini karibu kila alipojibu alitoa silabi moja tu, “tan”, mara nyingi akiirudia. Alifariki tarehe 17 Aprili, na siku iliyofuata Broca aliuonyesha ubongo wake mbele ya wanachama wa chama cha wanaanthropolojia: palikuwa na jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka mia moja, njia kuu ya kujua ni wapi ubongo hutengeneza usemi ilikuwa kusubiri mtu apoteze usemi, kisha afe. Mwaka 2007 ubongo wa Leborgne, uliohifadhiwa Paris muda wote huo, uliingizwa katika mashine ya MRI, na ikaonekana kwamba uharibifu ulikuwa umezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho.

Huko Utrecht, Uholanzi, Franciscus Donders hakungoja kifo cha mtu. Yeye alipima muda. Katika miaka ya 1860, pamoja na mwanafunzi wake, alitumia fonautografu, kifaa kilichochora mawimbi ya sauti juu ya karatasi yenye masizi. Mtu mmoja alitamka silabi, mwingine akairudia haraka kadiri alivyoweza, na mistari miwili iliyochorwa ilionyesha pengo kati yao. Zamu nyingine msikilizaji alijua mapema ni silabi gani itakuja. Zamu nyingine hakujua, ikambidi kwanza aitambue na kuchagua jibu. Muda wa zamu ya pili ukitoa wa ya kwanza, ulibaki muda wa kutambua na kuchagua. Tofauti ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wanafunzi wengi wa saikolojia hufundishwa kwamba Donders ndiye baba wa upimaji wa kasi ya akili, lakini wachache huambiwa kwamba jibu alilolipima lilikuwa silabi iliyotoka mdomoni.

Kisha akaja Mmarekani, James McKeen Cattell, katika maabara ya Wilhelm Wundt kule Leipzig. Mwaka 1886 alitangaza matokeo ambayo watafiti wanayatumia mpaka sasa. Kulisoma neno kwa sauti huchukua muda mfupi kuliko kutaja jina la kitu kilichochorwa, au la rangi. Ili kupima, alitengeneza swichi iliyoshikwa kwa midomo: midomo ikifunguka kutamka, mkondo wa umeme unakatika na saa inasimama. Maelezo yake yalikuwa kwamba kusoma, kwa mazoea ya miaka mingi, kumekuwa kitu kinachojiendea chenyewe, ilhali anayetazama picha hana budi kwenda kulitafuta jina lake. Miaka 49 baadaye John Ridley Stroop aligeuza tofauti hiyo ikawa mtego, akawapa watu jina la rangi moja lililoandikwa kwa wino wa rangi nyingine na kuwataka wataje wino. Wakasitasita. Neno lililosomwa lilikuwa limeshafika ulimini kabla ya lile lililotakiwa.

Baada ya hapo uchunguzi wa usemaji ulilala kwa muda mrefu, na sababu yake ni ya msingi. Anayesikiliza unaweza kumpa sauti uliyoitengeneza mwenyewe, ukaifupisha, ukaichafua, kisha ukapima amesikia nini. Anayesema huwezi kumpandikizia wazo kichwani. Mwonyeshe picha ya kiti cha kukalia wawili, mmoja atasema kochi, mwingine sofa, wa tatu atakuuliza kama ni chako. Njia nyingi nitakazozitaja kuanzia hapa zilizaliwa na jitihada ya kumfanya mtu aseme kitu ambacho mtafiti amekichagua, bila kumharibia usemi wake wa kawaida.

Frieda Goldman-Eisler alianza na kimya. Katika Chuo Kikuu cha London, miaka ya 1950 na 1960, alipima vituo vilivyomo ndani ya mazungumzo. Aliwapa watu vibonzo vya gazeti la New Yorker na kuwataka kwanza waeleze wanachokiona, kisha waeleze kichekesho chake ni nini. Kueleza maana kulileta vituo virefu zaidi kuliko kueleza picha. Alipowataka warudie maelezo yale yale tena na tena, vituo vilipungua. Na aligundua jambo linalopingana na hisia zetu: kasi ya ulimi wenyewe haibadiliki sana. Yule tunayemwona anasema harakaharaka ni mtu anayenyamaza kidogo, na yule tunayemwona mzito ana vituo vingi. Kimya kile tulichozoea kukiona ni upungufu wa msemaji, yeye alikipima kama kazi inayofanyika.

Makosa ya ulimi nayo yalifufuka Los Angeles. Victoria Fromkin, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha California, alianza kuyakusanya mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 alichapisha makala ambayo kwa maoni yangu ndiyo nguzo ya elimu hii yote. Hoja yake ilikuwa kwamba vipande ambavyo wanaisimu huvichora ubaoni, yaani fonimu, kiambishi, mzizi, hata sifa moja ya sauti, si vya ubaoni tu. Viko kichwani mwa msemaji, kwa kuwa ulimi ukiteleza hivyo ndivyo vinavyohama. Mfano wake mmoja unatosha. Mtu alikusudia kusema kwa Kiingereza “clear blue sky”, akasema “glear plue sky”. Hakuna konsonanti nzima iliyohama. Kilichohama ni mtetemo wa koromeo: uliondoka kwenye b, ikawa p, ukaenda kwenye k, ikawa g. Kwa hilo mtu hahitaji kuwa amesoma fonolojia, wala kujua kwamba kuna sauti ghuna na sighuna. Ulimi wake unajua.

Mfano wake mwingine ni wa kijineno. Kiingereza kina umbo moja la kuonyesha nomino isiyo maalumu mbele ya konsonanti, na jingine mbele ya irabu. Mtu alitaka kusema “an eating marathon”, akasema “a meeting arathon”. Sauti ya m ilihamia neno la mbele, na kile kijineno kidogo kikajirekebisha kulingana na kosa. Maana yake kanuni ya kuchagua umbo ilifanya kazi baada ya sauti kuhama. Kwa hiyo kuna mpangilio wa hatua: hii kwanza, ile baadaye, na kosa limetuambia zamu ya kila moja.

Merrill Garrett, aliyekuwa MIT, alizichambua hatua hizo kwa makini zaidi mwaka 1975, kwa mkusanyo alioufanya na Stefanie Shattuck-Hufnagel. Aliona kwamba maneno mazima yakibadilishana nafasi, huwa ya aina moja, nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi, na yanaweza kuwa mbalimbali katika sentensi. Sauti zikibadilishana, hazijali aina ya neno, lakini huwa jirani. Aina mbili za makosa, masafa mawili tofauti: akahitimisha kwamba kuna ngazi moja ambapo maneno hugawiwa majukumu yao, na ngazi nyingine, baadaye, ambapo umbo la sauti hupangwa kwa mfuatano. Kisha kuna makosa yanayoacha kitu nyuma. Mmoja alitaka kusema amepakia masanduku mawili, “packed two trunks”, akasema “trunked two packs”. Mizizi miwili imehama, lakini alama ya wakati uliopita imebaki mahali pake na alama ya wingi pahali pake, kila moja ikimpokea mgeni aliyeingia.

Tatizo ni kwamba Meringer, Fromkin na Garrett wote walitegemea sikio na kalamu, na sikio ni shahidi mwenye upendeleo. Tunaposikiliza tunafuata maana, na tunayatengeneza maneno ya wenzetu bila kujua. Anne Cutler aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1982: makosa mengine husikika kwa urahisi kuliko mengine, kwa hiyo mkusanyo mkubwa unaweza kutuambia zaidi kuhusu wasikilizaji kuliko wasemaji. Mwaka 1991 Rosa Ferber alilithibitisha. Aliwapa wasikilizaji mazungumzo yaliyorekodiwa, waandike kila kosa walilolisikia mara moja tu, kama Meringer mezani. Kisha kanda ilichunguzwa polepole kwa kurudiwarudiwa. Makosa yaliyowapita yalikuwa zaidi ya nusu, na katika yale waliyoyanasa mengi hawakuyaandika sawasawa. Ni habari nzito hiyo kwa elimu iliyojengwa juu ya daftari. Haikuibomoa, lakini tangu hapo mtafiti makini anayetaka kukusanya makosa huanza na kinasa sauti.

Wengine walikuwa wameshaamua kutongoja makosa yaje. Mwaka 1975 Bernard Baars, Michael Motley na Donald MacKay walichapisha matokeo ya njia ya kuyaita. Mshiriki anaketi mbele ya kioo, anapitishiwa jozi za maneno harakaharaka, anazisoma kimoyomoyo. Kwa mfano wa kwetu, tuseme anaona “bata dole”, “bega duka”, “buli dari”. Akili inazoea b kisha d. Ghafla inakuja “dawa bata”, na kengele inamwamuru aitamke. Baadhi ya watu watasema “bawa data”. Watafiti hao waligundua kwamba ulimi huteleza mara nyingi zaidi kama kosa litakalotokea ni maneno yaliyopo katika lugha kuliko kama ni mchanganyiko usio na maana. Yupo, kwa maoni yao, mkaguzi ndani yetu anayelisikiliza neno kabla halijatoka, na neno halali humdanganya kirahisi kuliko takataka. Gary Dell, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1986, alikuwa na maelezo mengine: sauti huirudishia ngazi ya maneno msisimko wake, na maneno ya kweli hupata nguvu kwa njia hiyo. Ubishi wa pande hizo mbili umeendelea kwa miongo kadhaa, na umezaa majaribio mazuri kuliko ambavyo makubaliano yangezaa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halikuhitaji kifaa ila simu. Willem Levelt, aliyeongoza taasisi ya Max Planck ya isimunafsia mjini Nijmegen, Uholanzi, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1980, aliichapisha kazi hiyo mwaka 1982 pamoja na Stephanie Kelter. Walipiga simu madukani wakauliza maduka yanafungwa saa ngapi. Kiholanzi kinaruhusu kuuliza swali hilo kwa kihusishi au bila kihusishi, na maana haibadiliki hata kidogo. Wenye maduka walioulizwa kwa kihusishi walielekea kujibu kwa kihusishi, na walioulizwa bila kihusishi walielekea kukiacha. Hawakujua kwamba wako katika jaribio la kisayansi. Walikuwa wakijibu mteja tu. Muundo wa sentensi ya mtu mmoja ulikuwa umeingia mdomoni mwa mwingine.

Mwaka 1986 Kathryn Bock aliliingiza jambo hilo maabara. Washiriki waliambiwa wanapimwa kumbukumbu. Walirudia sentensi, kisha wakaeleza picha isiyohusiana nayo, kwa mfano radi ikipiga kanisa. Aliyekuwa ametoka kurudia sentensi ya kauli ya kutendwa alielekea zaidi kusema kanisa limepigwa na radi. Hapakuwa na neno la pamoja kati ya sentensi na picha, wala maana ya pamoja. Kilichobaki ni umbo tupu. Mbinu hii imekuwa ndiyo njia kuu ya kuuliza sarufi ya msemaji inafananaje, kwa sababu haimwulizi maoni yake kuhusu sarufi. Inamwacha aseme.

Picha ziliendelea kutumika kwa namna nyingi. R. C. Oldfield na Arthur Wingfield walionyesha mwaka 1965 kwamba majina ya vitu yanayotumika mara nyingi hutajwa haraka kuliko majina adimu. Herbert Schriefers, Antje Meyer na Levelt, mwaka 1990, waliwachezea washiriki neno la kuvuruga masikioni huku wakitaja picha. Neno lenye maana ya karibu, likitangulia picha kwa milisekunde 150, liliwachelewesha. Neno lenye sauti ya karibu, likija pamoja na picha au baada yake kidogo, liliwaharakisha. Maana inashughulikiwa kwanza, sauti baadaye, na sasa ingeweza kusemwa kwa tarakimu. Baadaye kamera za kufuatilia macho zilionyesha, katika kazi ya Zenzi Griffin na Bock ya mwaka 2000, kwamba msemaji hukitupia macho kitu muda usiofika sekunde moja kabla ya kukitaja, kimoja baada ya kingine, kwa mfuatano ule ule wa sentensi.

Na kuna lile neno linalokataa kutoka. Roger Brown na David McNeill wa Harvard, mwaka 1966, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu ya Kiingereza na kuwauliza ni neno gani. Waliolijua lakini likawakwama kwenye ncha ya ulimi waliombwa wakisie. Zaidi ya nusu ya mara waliijua herufi ya kwanza, na mara nyingi walijua idadi ya silabi. Neno, basi, haliji zima wala halipotei zima. Mwenye kulitafuta amelishika mkia.

Uwindaji wa makosa haukuishia masikioni. Mwaka 1990 Richard Mowrey na Ian MacKay waliweka elektrodi ndogo kwenye misuli ya usemi na kuwapa watu sentensi za kutatanisha ulimi, zile tunazoziita vitanza ndimi. Makosa waliyoyaona kwenye misuli mengi hayakusikika kabisa. Miaka kadhaa baadaye Marianne Pouplier, Louis Goldstein na wenzao walibandika visensa juu ya ulimi na kuwataka watu warudie “cop top” kwa mdundo wa kasi. Konsonanti ya k inaundwa na nyuma ya ulimi, t inaundwa na ncha yake. Katika makosa mengi sauti moja haikuchukua nafasi ya nyingine: ncha na nyuma viliinuka pamoja, k na t kwa wakati mmoja. Sikio la msikilizaji, lisilojua sauti kama hiyo, lilisikia moja tu. Kwa mtu aliyejifunza elimu hii kwa mifano ya Fromkin, jambo hilo linatia mashaka, na mashaka hayo ni ya haki. Ile ghuna iliyohama kwa unadhifu kutoka b kwenda k huenda mdomoni haikuwa nadhifu hivyo.

Ubongo nao ulifunguka, mara nyingi kwa hisani ya wagonjwa wa kifafa waliowekewa elektrodi ili madaktari watafute chanzo cha degedege zao. Ned Sahin na wenzake, mwaka 2009, waliwaomba wagonjwa watatu wabadilishe maneno kisarufi kimoyomoyo huku elektrodi zikiwa katika eneo lile lile la Broca. Waliona mawimbi matatu: la neno lenyewe baada ya takriban milisekunde 200, la sarufi milisekunde 320, la sauti milisekunde 450. Garrett alikuwa amezipanga hatua hizo kwa mfuatano huo huo, kwa daftari la makosa tu, miaka zaidi ya thelathini kabla.

Lakini hatua hizo zimepimwa kwa nani? Florian Jaeger na Elisabeth Norcliffe, walipoitazama elimu hii mwaka 2009, waliona imesimama juu ya lugha chache mno, nyingi zikiwa za Ulaya. Sehemu za Afrika zinazosikika humo ni za watoto zaidi kuliko za watu wazima. Katherine Demuth alirekodi watoto wa Lesotho wakizungumza Kisesotho nyumbani kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980, na rekodi hizo zipo leo katika hazina ya CHILDES zikisomwa na watafiti wa dunia nzima. Kamil Ud Deen alifanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha watoto wa Nairobi, akaichapisha katika kitabu mwaka 2005. Watoto hao waliacha viambishi vya kitenzi mara nyingi, cha mtendaji au cha wakati. Walipovitumia, ni nadra waliweka visivyostahili.

Kwa watu wazima swali ni gumu zaidi, na linanivutia kuliko yote. Schriefers alionyesha mwaka 1993 kwamba Mholanzi anayetaja picha yenye neno la kuvuruga huchelewa kidogo kama neno hilo ni la jinsi nyingine ya kisarufi kuliko la picha. Kiholanzi kina jinsi mbili. Michele Miozzo na Alfonso Caramazza walipojaribu kwa Kiitaliano mwaka 1999 hawakuona ucheleweshaji huo, na wakaeleza kwamba Mwitaliano hawezi kuchagua kijineno cha mbele mpaka ajue neno linalofuata linaanza na sauti gani, kwa hiyo uchaguzi wake unafanyika dakika za mwisho.

Mswahili anayesema “vile viti vyote vikubwa vimevunjika” amefungwa na ngeli ya nomino kwa maneno matano, na neno la kwanza limetoka mdomoni kabla ya nomino yenyewe. Ngeli lazima iwe imeshajulikana anapofungua mdomo kusema “vile”. Sauti ya neno “viti” inaweza kuwa bado haijapangwa. Mweke mtu mbele ya picha ya viti vilivyovunjika, mchezee sikioni “miti” zamu moja na “vikapu” zamu nyingine, pima milisekunde hadi v ya kwanza, na kamera ifuatilie macho yake. Kisha kusanya makosa yake kwa kinasa sauti: nomino mbili zikibadilishana nafasi, je, viambishi vinafuata nomino mpya, kama kile kijineno cha Fromkin, au vinabaki na ngeli ya ile iliyokusudiwa, kama alama za Garrett? Kiingereza hakiwezi kujibu swali hilo, kwa sababu hakina viambishi vya kutosha vya kuliuliza. Vifaa vinavyohitajika ni kompyuta, maikrofoni na picha zilizochorwa vizuri, na wasemaji wako Tanga, Mombasa na Bujumbura.